Detekta ya misumari: jitengenezee kwa aisii moja

Seremala jirani yangu hununua mbao zilizokwisha kutumika kumwagia zege. Bei yake nafuu, na kwa kuwa zimeshapigwa jua na mvua za kutosha, hazipindi tena baada ya kuzifanyia kazi. Taabu ni misumari. Yenye vichwa anaing'oa kwa nyundo, lakini iliyokatikia ndani haionekani mpaka randa ya umeme iikute, na kisu cha randa kikishapata pengo, kila ubao unaopita unatoka na mstari. Sumaku alishajaribu. Inanasa msumari ulio karibu na uso tu, wa ndani haina habari nao. Akaniambia, "Fundi, nitafutie kitu kinipigie kelele kabla ya randa."

Kitu chenyewe ni saketi ya aisii moja (kile kipande cheusi chenye miguu mingi na saketi ndogondogo ndani yake), transista moja na koili unayoizungusha kwa mkono. Kuunganisha ni kazi ya jioni moja. Kuifanya itulie, sauti isitembee yenyewe bila kuguswa, ndiko kunakokula muda, kwa hiyo ukiniona narudia habari ya koili na kapasita ujue nina sababu.

Inavyosikia chuma

Kaa karibu na mpiga kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, anapoiweka sawa kabla taarabu haijaanza. Kila noti ina nyuzi tatu. Mbili zikikaribiana bila kulingana, unasikia sauti inavimba na kunywea, waa-waa-waa. Anavyozidi kukaza, waa-waa inapungua mwendo hadi inapotea. Mwendo wa hiyo waa-waa ndio tofauti ya masafa ya nyuzi mbili, yaani mara ngapi kila uzi unatetemeka kwa sekunde.

Detekta yetu ina "nyuzi" mbili za umeme, yaani osileta mbili, kila moja ikitetemeka karibu kilohezi 120. Hakuna sikio la mtu linalofika huko. Lakini tukizichanganya, tofauti yake inasikika: moja ikiwa hezi 120,000 na nyingine 120,100, kwenye hedifoni unapata mngurumo wa hezi 100. Osileta ya kwanza hutumia koili kubwa inayopita juu ya ubao. Ya pili hutumia koili ndogo iliyotulia ndani ya kisanduku. Metali ikikaribia koili kubwa, mikondo midogo ya umeme huzunguka ndani ya metali hiyo, inapingana na uga wa koili, na masafa yanasogea, tuseme kwa hezi 20. Ishirini katika laki moja na ishirini elfu ni sawa na bure. Ila mngurumo ukitoka 100 kwenda 120, hata mtoto anageuza kichwa.

Chuma kina ukaidi wake, kwa sababu kinavutwa na sumaku na pia kinapitisha umeme, na mambo hayo mawili yanavuta masafa kila moja upande wake. Ndiyo maana msumari mwembamba unaweza kushusha sauti wakati kifuniko cha sufuria kinaipandisha. Kwa seremala haidhuru. Anachosubiri ni sauti kubadilika.

Vifaa

Vyote hivi utavipata kwenye maduka ya vipuri vya elektroniki Kariakoo, au Luthuli Avenue kama uko Nairobi. Vingine ving'oe kwenye redio mbovu.

- Aisii CD4011 moja na soketi yake ya miguu 14
- Transista BC547 moja
- Kapasita nne za filamu za nanofaradi 10, zilizoandikwa 103J au 2A103J
- Kapasita moja ya seramiki ya nanofaradi 10 (103), na moja ya nanofaradi 100 (104)
- Kapasita za elektroliti: mikrofaradi 10 na mikrofaradi 100
- Kapasita ndogo za akiba: pikofaradi 100 na 220, mbili mbili
- Resista: kiloomu 2.2 mbili (nyekundu tatu), kiloomu 10 moja, kiloomu 1 moja, omu 470 moja
- Koili ndogo ya kununua ya mikrohenri 330. Ina umbo la resista nene, milia ni chungwa, chungwa, kahawia
- Kapasita ya kuchunia stesheni kutoka redio ya AM, ile ya plastiki yenye mhimili wa kuzungusha
- Dayodi 1N4007, swichi, betri ya volti 9, soketi ya hedifoni
- Waya wa shaba wenye vanishi, milimita 0.4, mita 14. Waulize wanaosuka mota, watakupimia

Kwenye kapasita nne za filamu ndipo nilipoanguka mara ya kwanza. Ni zile bapa za kijani au kahawia zinazong'aa kama pipi iliyolambwa. Duka nililokwenda hazikuwapo, nikapewa za seramiki za duara, namba ileile 103, nikasema ni mamoja. Usiku chumbani mashine ilikuwa safi kabisa. Asubuhi tukaitoa uani kwa seremala, jua likaipiga, na mngurumo ukaanza kupanda wenyewe hadi ukawa mluzi, ubao wenyewe bado umeegemea ukuta. Kapasita ya seramiki ya aina hiyo hubadilika sana kwa joto. Ikibadilika asilimia 1 tu, masafa yanahama kwa nusu asilimia, na nusu asilimia ya kilohezi 120 ni hezi 600. Msumari wako wa hezi 20 utausikia wapi hapo? Za filamu nazo huhama, lakini kidogo, na kwa kuwa osileta zote mbili zina aina moja, zinahama pamoja na tofauti inabaki palepale. Nunua zote nne duka moja, siku moja.

Kuzungusha koili

Tafuta kipande cha bomba la maji taka la inchi nne, lenye kipenyo cha nje cha milimita 110. Bandika vipande vinne vya utepe juu yake, gundi ikitazama nje, ili baadaye uvikunje na kufunga koili kabla ya kuivua. Acha mkia wa sentimita 30, kisha zungusha waya mara 38, mizunguko ikilala pamoja kama fungu moja. Ukipoteza hesabu, anza upya. Kukisia kutakusumbua mbele.

Kwa nini 38? Mizunguko 36 kwenye bomba hilo inatoa takriban mikrohenri 340, jirani kabisa na 330 ya koili ya kununua. Lakini koili za dukani hupishana kwa asilimia 10 huku na huku, kwa hiyo tunaanza na ziada kisha tunapunguza. Kwa kipimo hiki mzunguko mmoja ni sawa na kilohezi 3 na kidogo. Kumbuka namba hiyo.

Ivue koili polepole, ifunge kwa uzi kila baada ya sentimita tatu, ila usiigandishe bado. Ncha za waya zikwangue vanishi kwa msasa mpaka shaba ing'ae pande zote. Sehemu kubwa ya saketi "zisizofanya kazi" nilizoletewa zilikuwa na risasi nzuri ya kulehemu juu ya vanishi.

Kuunganisha

Tumia ubao wa matundu wa kulehemu. Ubao wa majaribio wa kuchomeka unafaa kujifunzia, lakini vibanio vyake hulegea na masafa yanaruka ukikohoa. Ndani ya CD4011 mna mageti manne, yaani vijisaketi vyenye miguu miwili ya kuingilia na mmoja wa kutokea. Mguu wa 14 ni chanya, wa 7 ni hasi.

1. Osileta ya kutafutia: unganisha mguu wa 1 na wa 2. Kutoka mguu wa 3 weka resista ya 2.2k hadi nukta tutakayoiita A. Koili kubwa ikae kati ya A na mguu wa 1. Kapasita moja ya filamu itoke A hadi hasi, ya pili itoke mguu wa 1 hadi hasi.
2. Osileta tulivu: fanya vilevile kwa mguu wa 5 na 6 (pamoja) na mguu wa 4, ukitumia koili ya mikrohenri 330 na filamu mbili zilizobaki. Kapasita ya kuchunia iweke sambamba na koili hii, ncha kwa ncha. Sehemu zake mbili za AM ukiziunganisha pamoja unapata karibu pikofaradi 200, zinazokupa nafasi ya kilohezi 2 na kidogo za kuchezea.
3. Kichanganyi: mguu wa 3 uende wa 8, mguu wa 4 uende wa 9. Kutoka mguu wa 10 weka resista ya 10k, na mwisho wake kapasita ya seramiki ya 103 hadi hasi. Hapo masafa ya juu yanazama, tofauti inabaki.
4. Miguu ya 12 na 13 iunganishe na hasi. Geti hilo hatulitumii, lakini mguu wa kuingilia wa aisii za aina hii ukiachwa hewani hudaka kila uchafu.
5. Sauti: mwisho wa ile 10k uingie besi ya BC547. Kolekta iende chanya. Emita iende hasi kupitia resista ya 1k. Kutoka emita, mikrofaradi 10 (chanya yake upande wa emita), kisha resista ya omu 470, kisha hedifoni. Pande mbili za hedifoni, kushoto na kulia, ziunganishe pamoja, na waya wao wa kurudi uende hasi.
6. Umeme: betri, swichi, dayodi kwa mfululizo ili ukigeuza betri usiue aisii. Mikrofaradi 100 iwe karibu na swichi, na nanofaradi 100 iwe mgongoni mwa aisii kabisa, kutoka mguu wa 14 hadi wa 7. Hiyo ya mwisho si pambo. Bila hiyo osileta mbili zinasikilizana kupitia waya wa umeme na kukazana kwenye masafa mamoja.

Uso bapa wa BC547 ukikutazama, miguu ikiwa chini, kutoka kushoto ni kolekta, besi, emita. C1815 uliyong'oa kwenye redio ya zamani hupangwa emita, kolekta, besi. Inafaa, ila usiichomeke kwa mazoea.

Kuwasha mara ya kwanza

Washa na usitegemee kusikia kitu. Kwanza hakikisha osileta zote mbili ziko hai, na hapa maltimita ya kawaida haikusaidii: mguu wa 3 utasoma karibu nusu ya betri, iwe osileta inatetemeka au imelala. Chukua redio yenye AM, iweke sentimita chache kutoka kwenye koili, zungusha kitasa chake cha stesheni taratibu. Mahali ambapo mvumo wa redio unazimwa ghafla, kama mtu kaufunika kwa kiganja, ndipo ilipo mojawapo ya masafa ya vizidishi, yaani masafa ya osileta mara namba nzima. Kwa kilohezi 120 vitafute karibu na 600, 840 na 1080. Hivyo ni vizidishi witiri, mara tano, mara saba, mara tisa. Vya shufwa huwa hafifu. Ili kusikia osileta moja peke yake, ilaze nyingine kwa kuunganisha mguu wake wa kuingilia (wa 1 au wa 5) na hasi kwa kipande cha waya.

Zote zikiwa hai, weka kapasita ya kuchunia katikati, vaa hedifoni, na anza kupunguza mizunguko ya koili kubwa, mmoja mmoja. Kila ukitoa, zima, kata, kwangua, lehemu, washa. Mahali fulani kati ya 38 na 34 utasikia mluzi mwembamba, na mzunguko unaofuata utaushusha au kuurukisha upande wa pili. Ukiwa umebakiza kidogo ambacho mzunguko mzima ni mwingi mno, ongeza pikofaradi 100 au 220 sambamba na koili yenye masafa ya juu. Lengo ni kwamba ukizungusha kapasita ya kuchunia kutoka mwanzo hadi mwisho, mluzi ushuke, ufe, kisha upande tena.

Fanya kazi hii mbali na meza yenye misumari. Alexander Graham Bell mwenyewe, mwaka 1881, aliitwa kutafuta risasi mwilini mwa Rais Garfield wa Marekani kwa kifaa cha koili, na springi za chuma za kitanda zinatajwa miongoni mwa vilivyomharibia kazi. Mimi iliniharibia droo ya bisibisi.

Ngao na kugandisha

Ukikileta kiganja chako karibu na koili tupu, sauti inabadilika ingawa mkono si metali. Ubao mbichi nao utafanya hivyo. Dawa yake ni ngao. Zungushia koili utepe wa umeme tabaka mbili, kisha juu yake ukanda wa foili ya jikoni wenye upana wa sentimita mbili, lakini usiifunge duara. Acha pengo la sentimita moja. Foili ikigusana mwanzo na mwisho inakuwa mzunguko mmoja uliofungwa wa metali, inaimeza nguvu ya koili, na mluzi wote uliouhangaikia unatoweka. Risasi haishiki kwenye foili, kwa hiyo zungushia waya mtupu juu yake kutoka ncha moja hadi nyingine bila kuvuka pengo, kisha uunganishe na hasi. Funika kwa utepe tena.

Ngao itashusha masafa kidogo. Sikiliza upya, na ikibidi ongeza pikofaradi 100 kwenye osileta tulivu.

Sasa gandisha. Vanishi ya mota ni nzuri, gundi ya kuchanganya mirija miwili ni nzuri zaidi. Nta ya mshumaa niliiona ikilainika juani, sikurudia. Koili niliiweka kati ya visahani viwili vya plaiwudi vilivyoshikwa kwa gundi ya mbao (seremala alishika nyundo kwa mazoea, nikamwondolea misumari mkononi). Mpini ni bomba la plastiki la sentimita 30, kisanduku cha saketi mwisho wake. Nyaya mbili za koili zisokote na kuzibandika kwenye bomba zisicheze. Kitasa cha kuchunia kiwe cha plastiki.

Kwenye mbao

Washa, subiri dakika mbili tatu. Shika koili juu ya ubao unaojua ni safi, zungusha kitasa mpaka sauti ife, kisha irudishe kidogo kwenye mngurumo wa chini, kama pikipiki iliyosimama inayosubiri abiria. Usifanye kazi kwenye mluzi wa juu. Hezi 20 juu ya 1,000 ni vigumu kuisikia, juu ya 80 itakurusha. Ukishuka sana karibu na kimya, osileta zitakazana na msumari mdogo utapita bila salamu.

Peleka koili taratibu, ikigusa ubao, mwendo uleule. Sauti ikibadilika, rudi, vuka kwa upande mwingine, chora alama ya chaki pale mabadiliko ni makubwa kuliko kote. Geuza ubao upime upande wa pili: msumari wa inchi tatu uliolala tunausikia kwenye sentimita tatu au nne, kwa hiyo ubao wa inchi mbili unahitaji pande zote. Msumari uliosimama wima na mdogo ndio mgumu zaidi. Punguza mwendo kwenye kingo, ambako mafundi wa zege hupigilia zaidi.

Sarafu ya shilingi 200 inafika kama sentimita tano. Nayataja haya kwa sababu kila anayeiona mashine huuliza dhahabu. Chembe za dhahabu za mchangani haitazisikia hata uziweke juu ya koili. Swali la pili huwa juu ya mali ya Mjerumani, hazina inayosemekana aliifukia. Ni kweli Wajerumani walipiga sarafu za dhahabu za rupia 15 Tabora mwaka 1916, zenye picha ya tembo, lakini kifaa cha sentimita tano hakichimbui hazina, na magofu na makaburi ya kale Tanzania yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Huko usiende na jembe bila kibali. Wala usiitumie kuamua pa kutoboa ukuta: itakuonyesha pengine kuna waya, haitakuambia kama una umeme.

Ikigoma

Kimya kabisa, na redio inathibitisha osileta zote ziko hai: masafa yako mbali mno, rudi kwenye mizunguko. Osileta moja imelala: vanishi kwenye ncha, karibu kila mara. Sauti inakwaruza ukitikisa mpini: koili haijaganda au nyaya zinacheza. Sauti inatembea polepole ikiwa mezani: angalia kama kuna seramiki imejipenyeza mahali pa filamu, kisha betri. Betri ikichoka mngurumo unahama kila baada ya dakika chache na huwezi kuutuliza kwa kitasa. Ya seremala ilianza kufanya hivyo, akanipigia simu kwamba mashine imeharibika. Nilipofika nikakuta swichi imeachwa imewashwa tangu Ijumaa.